Mwenye Hofu Hahesabu

Kabla Yesu hajaibariki ile mikate kule nyikani, aliuliza ipo mingapi. Wala hakutaka wanafunzi wakisie, aliwatuma wakaangalie. Wakaenda, wakarudi na jibu: mikate mitano na samaki wawili. Siku imekwisha, maelfu ya watu wamekaa majanini na njaa yao, na Bwana anataka hesabu. Walipokwisha kushiba mabaki yalikusanywa, na wainjilisti wote wanne wakaandika idadi ya vikapu: 12.

Huyu ndiye yule yule aliyetukataza, katika Mathayo sura ya 6, kusumbukia chakula na mavazi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ndege wa angani na maua ya kondeni, na mengi yanaishia mahali pamoja: usiwaze, Mungu atafanya njia. Ndiyo, atafanya. Lakini waumini wengi wanatoka ibadani wakidhani kwamba kuketi na kalamu kupanga matumizi ni dalili ya imani haba, na kwamba asiyejua anadaiwa kiasi gani ndiye anayemtegemea Mungu kuliko wengine. Mimi naona kinyume chake. Katika miaka niliyoshika fedha za watu, nimeona kuwa mwenye hofu ndiye asiyehesabu. Anayeweza kuketi mbele za Mungu akaandika deni lake lote, mstari kwa mstari, huyo tayari ameanza kuamini.

Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na sasa ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama katika usharika wetu wa Kilutheri, huku juu kwenye migomba ya Kilimanjaro. Tunakutana Alhamisi alasiri, watu wakishatoka shambani na kukata majani ya ng'ombe. Sanduku letu la chuma lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Hisa moja ni shilingi 5,000, na hakuna anayeruhusiwa kununua zaidi ya hisa tano kwa mkutano mmoja, ili mwenye nacho asimmeze asiye nacho. Pembeni kila mmoja anaweka 1,000 ya mfuko wa jamii. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, zikiingia na zikitoka. Utaratibu wa namna hii ulianza na wanawake wa Niger mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika; na hapa kwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne. Nakitaja kikoba kwa sababu ndipo ninapokutana na hofu ya fedha uso kwa uso.

Mama mmoja wa kikundi alinijia nyumbani jioni akitaka nimsemee apewe mkopo nje ya zamu yake. "Shikamoo Mwalimu. Nimebanwa kidogo, naomba unisaidie hata laki mbili." Nikamuuliza anadaiwa kiasi gani kwa jumla. "Kama laki nne hivi." Na nani na nani? Akatazama chini. Simu yake ilikuwa mkononi, imezimwa. Alikuwa ameizima tangu asubuhi kwa sababu ya meseji za wanaomdai.

Nikatoa kaunta buku, nikachora mistari. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hatumtafuti mwenye kosa. Tunaandika tu." Ilichukua muda, maana kila jina lilitoka kwa shida. Kwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao nchi nzima inawaita kausha damu, 250,000. Programu ya mikopo ya kwenye simu, 85,000. Deni la mtandao wa simu, lile wanalokupa salio lako likiisha, 45,000. Dukani, sukari na sabuni na mafuta ya kula ya miezi kadhaa, 62,000. Mchango wa harusi alioahidi kwenye kundi la WhatsApp, 100,000. Ada ya mtoto iliyobaki, 180,000. Tukajumlisha mara mbili tusije tukakosea: 722,000.

Nilidhani atalia. Alishusha pumzi, akaitazama ile jumla kwa muda, akasema, "Kumbe lina mwisho."

Deni lake lilikuwa karibu mara mbili ya lile alilonitajia mlangoni. Lakini lile alilolala nalo kila usiku halikuwa na tarakimu, kwa hiyo lilikuwa kubwa kadiri ya giza lenyewe. Wakopeshaji wabaya wanalijua giza hilo na wanaishi kwalo. Marejesho ni kila wiki, kwa wengine kila siku. Wadhamini ni jirani zako, na ukichelewa wanakuja kubeba makochi na televisheni mchana kweupe, watoto wakitazama. Wanawake wengi wanakopa bila waume zao kujua, kisha wanakopa kwa huyu ili wamlipe yule. Programu za simu zimeleta aibu ya namna nyingine: ukichelewa, watu waliomo kwenye simu yako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Ni hatua njema. Lakini kabla ya mtu kufika kwenye programu ile, amepita nyumba ngapi za Wakristo wenzake akashindwa kubisha hodi?

Tulipomaliza kujumlisha nilimfungulia Wafalme wa Pili sura ya 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii ameachiwa deni, na mdai amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha haanzi na muujiza. Anamuuliza ana nini nyumbani. Mjane anajibu kwanza kwamba hana kitu, ndipo anakumbuka mafuta kidogo aliyo nayo. Hofu ilikuwa imemficha hata mali yake mwenyewe. Na mafuta yalipojaza vyombo vyote vya kuazima, agizo la nabii lilikuwa la kawaida kabisa: akauze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Naipenda sana habari hii kwa sababu muujiza wake unapita sokoni, na mdai analipwa haki yake.

Basi tukageuza ukurasa tukaandika alicho nacho. Mbuzi wawili. Kahawa kidogo iliyokaushwa, bado haijapelekwa chama cha ushirika. Cherehani iliyokaa kona ya chumba tangu mkanda wake ulipokatika. Alipoitaja hiyo cherehani alinyamaza kidogo, kisha akasema watoto wengi wa jirani wanashonewa sare za shule mjini.

Gumu kuliko yote lilikuwa kumwambia mumewe. Alikataa, baadaye akakubali mradi niwepo. Baba yule alisikiliza bila kusema neno, akaomba daftari alione mwenyewe. Alilisoma taratibu, kidole juu ya kila mstari. Kisha akauliza ni mbuzi yupi auzwe. Siku ya pili yake mama akampigia mwenyekiti wa kamati ya harusi, akamwambia laki hataiweza, atatoa 20,000, na siku yenyewe atafika alfajiri kumenya ndizi. Wakamkubalia. Kikoba kikampa mkopo wa kuwamaliza kwanza kausha damu, kwa riba ambayo Desemba inarudi kwetu wenyewe tunapovunja kikundi na kugawana.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu tunapolisoma lile katazo la Mathayo 6 tunasahau liliwafikia akina nani. Galilaya ile ilikuwa na wavuvi, wakulima wadogo na vibarua waliolipwa dinari moja kwa siku, kama wale wa shamba la mizabibu katika sura ya 20. Herode Antipa alikuwa na kodi zake, na nyuma yake Warumi. Katika sura hiyo hiyo ya 6, sala anayowafundisha inaomba chakula cha siku na kusamehewa deni. Yesu alikuwa anaujua usiku wa mtu anayedaiwa. Hakuishia kuwakemea kwa kuwa na hofu, aliwapa sababu ya kuiacha: mnaye Baba, naye anajua mnachohitaji. Kwangu mimi msingi wote uko hapo. Ikiwa Baba anajua, sina cha kumficha. Na nisichoweza kumficha Mungu, naweza kukiandika, naweza kumwonyesha mume wangu, naweza kumtajia mzee wa kanisa. Imani inampa mtu ujasiri wa kuliangalia daftari, kwa sababu haliangalii akiwa peke yake.

Wahenga wanatuambia mali bila daftari hupotea bila habari, na kweli hupotea. Ila yule tajiri wa Luka 12 alikuwa na daftari safi kabisa. Shamba lake limezaa sana, ameona ghala halitoshi, amepanga kubomoa na kujenga kubwa zaidi, amepiga hesabu ya miaka mingi mbele. Ukimtazama kwa macho ya mhasibu huna pa kumlaumu. Sikiliza lakini anazungumza na nani. Anazungumza na nafsi yake. Hakuna mke katika hesabu ile, hakuna kibarua aliyevuna, hakuna jirani, hakuna Mungu. Usiku ule ule anadaiwa roho yake. Ndiyo maana sisemi kwamba hesabu yenyewe inaleta amani. Nimewaona watu wenye akiba nzuri benki, wanaofungua simu kutazama salio mara kwa mara mchana kutwa, na usingizi wao ni mbaya kuliko wa mama yule wa 722,000. Hao wana tarakimu zote isipokuwa moja: hawajawahi kuamua kiasi gani kinawatosha.

John Wesley, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya 18 ambaye kwake Wamethodisti walianzia, ameacha mfano ninaoutumia sana na walimu wenzangu. Katika mahubiri yake mojawapo anasimulia habari za kijana wa Oxford, na inaaminika kijana huyo ni yeye mwenyewe, aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa mbili kwa wahitaji. Mwaka uliofuata akapata 60. Akaishi kwa 28, akatoa 32. Akapata 90, akatoa 62. Mapato yakapanda, matumizi yakabaki pale pale. Walimu tunaijua nyongeza ya mshahara inavyokwenda: mwezi ule ule inapotangazwa, mtu tayari amekwenda benki kuongeza mkopo. Serikali imeweka kanuni kwamba makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara, na wengi wetu tumeifanya theluthi hiyo kuwa lengo. Simwambii mtu aishi kwa pauni 28. Namwambia aketi na mwenzi wake, wakubaliane kwa maandishi: sisi, kwa watoto hawa na wazee hawa, kiasi hiki kinatosha. Kikizidi, kina kazi nyingine. Bila kukitaja kiasi hicho, hakuna mshahara utakaompa mtu usingizi.

Na kwetu Uchagani Desemba ndiyo mtihani. Magari yanapanda kutoka Dar es Salaam na kila pembe ya nchi, barabara ya Moshi inajaa, watoto wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Ni desturi nzuri kuliko nyingi ninazozijua. Makaburi yanasafishwa, wazee wanawaona wajukuu, ugomvi wa mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, unasuluhishwa. Lakini wapo vijana wanaokopa ili waonekane wamefanikiwa: gari la kukodi, kreti za bia, mbuzi wa kuchinja wakati mwaka mzima walikuwa wanapanga chumba kimoja na kudaiwa kodi yake. Januari inawakuta na ada, sare na mdai mlangoni. Wazazi wenzangu, tuwaambie watoto wetu mapema, ikiwezekana Novemba, kwamba tunawataka wao. Tuwaambie waje na basi. Na kijana akituambia mwaka huu hana nauli, tusimuulize mwenzake wa jirani amewezaje.

Hofu kubwa ya fedha kwetu, nimeona, haitokani na njaa. Inatokana na macho ya watu. Mtu analala njaa kwa uvumilivu, lakini kusomwa jina lake kwenye kundi la harusi akiwa hajamaliza ahadi, hilo linamkosesha usingizi mwezi mzima. Ndiyo maana anaahidi laki asiyokuwa nayo. Mchango ulianza kama kubebeana mzigo, na bado unaweza kuwa hivyo, mradi mtu awe huru kusema: nina elfu kumi na mikono yangu miwili.

Yapo lakini maisha ambayo daftari haliwezi kuyaponya. Bibi anayelea wajukuu watatu kwa migomba michache na kuku, ukimwandikia mapato na matumizi utamaliza haraka, na upande wa kwanza utakuwa mtupu. Huyo hana kosa la kupanga vibaya. Kumwambia asiwe na wasiwasi kisha ukaondoka ni jambo ambalo Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, amelihukumu waziwazi: ndugu yuko uchi na hana chakula, wewe unamuaga kwa amani na kumtakia kushiba, mkono mtupu. Imani hiyo imekufa. Anayemhubiria maskini juu ya ndege wa angani na aende kwake na debe la mahindi.

Hata utulivu wa Paulo ulipita kwenye mikono ya watu. Tunapenda kumtaja kwamba alijifunza kuridhika, katika kupungukiwa na katika kuwa na tele, na kweli aliandika hayo akiwa kifungoni. Aya chache mbele yake anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito, na anakumbuka kwamba hapo mwanzo hakuna kanisa jingine lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea. Aliridhika, na alipokea. Katika Matendo sura ya 4, Luka anaeleza kwa nini hapakuwa na mhitaji miongoni mwao: wenye viwanja na nyumba waliuza, na kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya haja yake. Nadhani hapo ndipo ahadi ya Mathayo 6 inapopata miguu. Mfuko wetu wa jamii ni mdogo, lakini umeshalipa dawa, umeshanunua jeneza, umeshampa bibi mmoja mabati. Hakuna anayerudisha fedha za mfuko ule, na hakuna anayezitaja tena.

Sasa naomba niseme na viongozi wa kanisa, kwa heshima zote, nikiwa mtoto wa kanisa hilo tangu ubatizo wangu.

Kuna mahubiri yanayozunguka siku hizi, redioni na kwenye mikutano ya hadhara, yanayomwambia mdaiwa apande mbegu, akope ikibidi, ili Mungu amfungulie milango. Mara nyingi yanamtumia mjane wa senti mbili katika Marko 12. Msome na aya iliyotangulia. Yesu ametoka tu kuwahukumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Mjane anaingia baada ya maneno hayo. Bwana anamheshimu mwanamke yule kwa moyo wake wote uliomo katika sarafu mbili. Sioni popote anapowasifu waliomwacha abaki bila chakula cha jioni. Fedha za mkopo si mbegu. Ni mali ya mtu mwingine, na kuzitoa madhabahuni ni kumtolea Mungu kisicho chako.

Napenda mnada wetu wa baada ya ibada kuliko hotuba nyingi za utoaji. Mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu asiye na shilingi ameleta alichokuwa nacho nyumbani, mwenye fedha amekinunua kwa bei ya juu, na mara nyingi anamrudishia kuku mjane aliyekaa mbele. Wote wametoa, na hakuna aliyeaibika.

Basi ninaomba mambo mawili. La kwanza, kila Januari, ada zinapobana, pawe na meza moja baada ya ibada, na watu wawili wenye kutunza siri, mwalimu au mhasibu na mama mmoja mwenye busara, ili anayedaiwa aje na karatasi zake zijumlishwe bila kuhubiriwa. Hilo halihitaji bajeti ya dayosisi wala kibali cha mtu. La pili ni kwa sharika na makanisa ambako bado yanabandikwa mlangoni au kusomwa kwa sauti majina ya wasiomaliza ahadi zao. Wapo watu walioacha kuja ibadani kwa sababu ya orodha hizo, na wengine wamekwenda kukopa kwa kausha damu ili majina yao yatoke. Wazee wa kanisa, orodha hizo zitolewe mlangoni, na zisisomwe tena.